Unga Chini ya Mtumbwi

Kila asubuhi mama alifagia unga chini ya mtumbwi, na kila asubuhi unga ulikuwa umerudi. Ulikuwa na rangi ya maziwa yaliyodondoshewa chai, laini kiasi kwamba ukiushika kwa vidole viwili huuhisi, unauona tu. Ulijipanga sakafuni katika vichuguu vidogo vidogo, kila kimoja chini ya tundu lake, kana kwamba ndani ya mti mlikuwa na mtu anayechekecha bila kupumzika. Mama aliukusanya kwa ufagio wa chelewa, akautupa nje, akarudi kukaa. Mimi ndiye niliyeshindwa kunyamaza.

"Mama, mtumbwi huu unaliwa."

"Naona."

"Ipo siku utakuta maganda matupu."

"Na mimi ipo siku utanikuta maganda matupu. Utanitupa?"

Hayo yalikuwa maneno ya kiangazi, kabla mto haujavunja kingo.

Nyumba ya mama iko Kulesa, kijiji cha kando ya mto, juu ya kiinuko kilichojitenga kidogo na nyumba nyingine, upande wa mashamba. Mtumbwi ulilala upenuni juu ya magogo mawili, na kwa sababu joto la ndani lilikuwa halivumiliki, nami nilitandika kitanda changu hapo hapo upenuni. Nilikuwa nimerudi nyumbani kukaa kwa muda mfupi, kisha muda mfupi ukarefuka, na miezi yote hiyo kati yangu na mtumbwi wa babu palikuwa na urefu wa mkono tu. Upepo ukitulia nikabandika sikio juu ya mti, nilisikia. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu anayekwaruza karatasi kwa ukucha, akaacha, akasikiliza kama kuna anayemsikia, akaendelea.

Babu, baba yake mama, aliuchonga mwenyewe kutokana na mwembe uliozeeka shambani kwake. Kwa maisha yake yote mtumbwi ule ulikaa chini ya maji zaidi ya ulivyokaa juu. Kwetu mtumbwi usiotumika huzamishwa. Unaupeleka kwenye maji yaliyotulia kando ya mto, unaujaza matope, unaulaza chini kama mtu anayelala. Huko jua haliupasui na wadudu hawaupati. Siku ukiuhitaji unautoa matope, unauosha, unapanda. Mtoto wa mtoni haoni ajabu kumwona baba yake akizamisha chombo chake mwenyewe.

Babu alipofariki, mjomba aliuzamisha kama ilivyo desturi. Mama hakuweza kuvumilia. Alisema aliona kama baba yake amezikwa mara moja kwenye udongo, na sasa wanamzika mara ya pili kwenye matope. Akatafuta vijana, wakauopoa, wakausugua, wakaubeba hadi nyumbani, ukawekwa upenuni, ukafunikwa mkeka mpya. Mjomba alipinga. Mjomba ni mdogo wa mama, na sijawahi kumwona akishinda ubishi wowote mbele yake. Mtumbwi ukakauka. Ukapendeza, mwepesi, rangi ya asali, na wageni walioingia waliuwekea kiganja kwa heshima. Mama aliutunza hivyo kwa sababu alimpenda babu, na kwa utunzaji huo huo akawafungulia mlango walaji.

Kwetu wanaitwa dumuzi, jina lile lile la wanaotoboa mahindi ghalani, ingawa hawa wa mtumbwi ni wadogo na hawana habari na mahindi. Nilianza kuwachunguza kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kutazama. Nilibanja vibanzi kwa kisu, nikavipasua, na nilichokiona nikakilinganisha na nilichoweza kukisoma kwenye simu siku zenye mtandao.

Jike huja jioni, jua likishapoa. Ni kijidudu chembamba cha hudhurungi, kifupi kuliko punje ya mchele. Hatagi popote tu. Kwanza huuma mti kidogo kuonja. Anachotafuta ni wanga, ule utamu ambao mti ulijiwekea akiba ulipokuwa hai, kwa ajili ya majani ambayo hautayatoa tena. Akiukuta, hupenyeza mayai katika vinyweleo vya mti. Yai likianguliwa hutoka buu jeupe, limejikunja kama mtu aliyeshikwa na tumbo. Linakula mbele na kujaza nyuma. Wanga unabaki tumboni, lakini mti wenyewe, ambao buu halina uwezo wa kuugeuza chakula, unatoka ukiwa unga na kuziba njia lililopita. Hivyo halirudi. Lina nafasi moja tu, ya upana wa mwili wake, na nafasi hiyo linajitengenezea kwa kuila. Wanga ukiwa mwingi, miezi kadhaa inalitosha. Mti ukiwa mkavu na mkiwa, hukaa humo mwaka, pengine miaka, likikua polepole gizani. Mwishowe husogea karibu na uso wa mti, likabakiza ngozi nyembamba tu ya kulitenga na nje, likatulia, na katika utulivu huo likaota miguu, mabawa na macho. Kisha hutoboa ile ngozi. Tundu tunaloliona sisi ni mlango wa kutokea. Tukiliona, kazi imeshafanyika.

Nje, dumuzi huishi majuma machache. Na jike aliyefungwa mtini maisha yake yote, akishatoka na kupata mwenzake, mara nyingi hurudi kutaga katika mti ule ule.

Jambo hilo la mwisho nilimsomea mama. Alikuwa akichambua mchele. Akacheka mpaka ungo ukatikisika.

"Sasa huyo si wewe? Umehangaika miji yote, ukarudi kulala ubavuni mwa mtumbwi!"

Kisha mvua zikanyesha huko juu, mbali, kwa watu tusiowajua, na maji yao yakatufikia sisi. Mto haukuja kwa kishindo. Ulikuja kwa adabu. Siku ya kwanza ulikuwa kwenye migomba ya chini, wenye rangi ya chai, umesimama. Siku iliyofuata migomba ilikuwa imesimama ndani yake hadi shingoni. Kijiji kikahama. Boti zilibeba watu, magodoro na kuku hadi kwenye tuta la barabara, na kutoka hapo wakapelekwa Minjila, kwenye nchi kavu na mahema. Boti ilifika hadi kwetu. Mjomba akamsihi mama, nikamsihi, hata mwenye boti akamsihi, huku injini ikiunguruma.

"Maji haya nayajua," mama akasema. "Hayajawahi kuingia nyumba hii. Na mtumbwi wa baba nimwachie nani?"

Mjomba akabaki kwa sababu ya mama. Nami nikabaki kwa sababu yake. Boti ikageuka, mawimbi yake yakapiga kizingiti cha jiko, yakatulia.

Baada ya hapo dunia ilikuwa kiinuko. Ungeweza kukizunguka chote kabla uji haujachemka. Kulikuwa na nyumba, jiko, banda la kuku, mpapai mmoja, choo ambacho kilishaanza kuzama, na pande zote maji, maji yaendayo bila kuonekana yanakwenda, yamebeba magugu, nguo, siku moja mlango mzima wenye kitasa. Viboko walikohoa mahali palipokuwa shamba letu la mpunga. Kuogelea hakukuzungumzwa, maana mamba nao walikuwa wamepanuliwa makazi. Jua lilitoka, likazama, na katikati hapakuwa na chochote cha kulitenga na jua la jana. Nilimkuta mjomba akitembea ukingoni, kila mahali akipachika kijiti pale maji yalipofikia, na kila akirudi kijiti kimemezwa.

"Unapima nini, mjomba?"

"Napima ukaidi wa mamako."

Ndipo mama akakanyaga bati. Lilikuwa limeletwa na maji, limejificha chini ya majani karibu na jiko, likamkata juu ya kisigino. Tuliosha kwa maji ya chumvi, tukafunga kwa kipande cha kanga, naye akasema si kitu. Kesho yake mguu ulikuwa umevimba hadi kifundoni. Kesho yake tena wekundu ulikuwa umepanda muundi, ngozi imevutika inang'aa, na paji la uso wake lilikuwa la moto kama sufuria. Simu yangu ilikuwa na chaji ya mwisho. Niliwapigia watu wa boti. Walisema wako mbali, vijiji vya chini vimezama usiku, watafika kesho. Nikapiga hiyo kesho. Wakasema kesho. Kisha simu ikazimika mkononi mwangu, na dukani kulikokuwa na umeme wa kuchajia sasa kulikuwa na samaki.

Mama alilala kwenye kitanda changu pale upenuni kwa sababu palikuwa na hewa. Nilikaa chini, kati yake na mtumbwi. Upande mmoja nilisikia pumzi zake za haraka, upande wa pili ule ukwaruzaji. Nilijua dawa iko hospitali ya Garsen, ng'ambo ya maji, mahali ambapo wakati wa kiangazi mtu huenda asubuhi na kurudi kula chakula cha mchana. Nilijua pia kuwa wekundu ule ukipita goti na kuendelea, hatakuwa wa kurudi.

Asubuhi iliyofuata mzee wa Kiorma, mfugaji, alifika na ndama zake. Tulimwona akitoka majini, maji kifuani, fimbo juu ya kichwa, mbele yake ndama wanne na kondoo mmoja jike mwenye mkia mnene wa mafuta, wote wamechoka hata kulia hawawezi. Wanawe walikuwa wametangulia na ng'ombe wakubwa kuelekea juu. Yeye alirudi nyuma kwa ajili ya ndama, maji yakakata njia. Akasimama ukingoni, akatuangalia, akasubiri kuambiwa.

Umewahi kuwako wakati ambapo watu wa mto na watu wa ng'ombe hawakuweza kusimama kwenye kiinuko kimoja. Mama aliukumbuka. Yeye pia aliukumbuka, niliona kwa jinsi alivyoweka fimbo chini kwanza, ndipo akatoa salamu.

"Mama, mimi nataka kaa na hii ndama tu. Maji ikishuka, naenda."

Mama akajiinua kwa kiwiko. "Kaa, baba. Nani atakufukuza akupeleke wapi? Lakini ndama zako wasiingie hapa upenuni. Hapa ni pa baba yangu."

Mzee akautazama mtumbwi, akautazama mguu wa mama, akarudi kuutazama mtumbwi. "Sasa baba yako amelala kavu, na wewe mguu inaoza. Hii mtumbwi inangoja nini?"

Mjomba, aliyekuwa akilitafuta neno hilo tangu juzi, akalirukia. "Mwambie, mzee! Mimi nikisema naitwa mtoto."

Sote tulikuwa tumeufikiria. Mjomba alikuwa ameupiga kwa kifundo cha kidole ubavuni, ukatoa sauti ya kibuyu. Alipoukandamiza ukingo kwa gumba, gumba liliingia, na ndani mlikuwa unga mtupu uliovikwa ngozi ya mti. Mtumbwi kama huo ukiupandisha mtu, utamfikisha katikati tu.

Nilichukua kisu, nikalala kifudifudi chini ya mtumbwi, nikaanza kuchoma. Ubavuni kisu kiliingia kama kwenye mkate. Nikashuka. Kiliingia. Nikashuka tena, na karibu na kitako kikagota. Nikachoma kando yake: kikagota. Nikasugua uchafu, nikaona mpaka, mstari unaopinda, juu yake mti mweupe uliotobolewa kama chujio, chini yake mti wa rangi ya kahawia iliyoiva, hauna hata tundu. Nikakumbuka kwa nini. Dumuzi anafuata wanga, na wanga mti huuweka katika nyama yake nyeupe ya nje. Kiini kimeshakauka utamu tangu mti ungali hai. Jike hukiuma, huonja, hukitema. Babu alikichonga kitako cha mtumbwi kutoka kwenye kiini cha mwembe ule. Mbavu pekee ndizo zilizopanda hadi kwenye nyama nyeupe.

Nilitoka na unga nyweleni, nikawaeleza.

"Kwa hiyo?" mama akauliza, ingawa alishaelewa.

"Mbavu zikikatwa, kitako kitaelea," mjomba akasema. "Kitakuwa kama sinia, lakini kitaelea."

"Mkiukata mtumbwi wa baba, nikateni na mguu."

"Mguu ndio utakaokatwa, dada, usipopanda!"

Mama aligeuza uso kwenye ukuta. Mjomba akaenda kupachika vijiti vyake. Mzee akaenda kwa ndama. Nikabaki mimi, nikiufuta mguu wake kwa kitambaa cha maji, na wekundu ulikuwa umefika chini kidogo ya goti. Hatimaye akasema, bado amegeukia ukuta.

"Nipe hicho kisu."

Nikampa. Akajivuta hadi ukingoni mwa kitanda, akanyoosha mkono, akachoma ubavu wa mtumbwi. Kisu kiliingia hadi mpinini. Akakitoa, akapeleka mkono chini, mahali nilipomwelekeza, akachoma kwa nguvu zote za homa. Kikagota. Akakaa na mkono wake pale chini kwa muda mrefu, kama anayesikiliza mapigo.

"Sehemu aliyokalia yeye ni nzima," akasema.

"Ni nzima, mama."

"Basi kata. Lakini kwanza muuzamishe. Mti mkavu hivyo utavuja kote, na hao waliomo waende na maji."

Tuliubeba watu watatu, mjomba, mzee na mimi, na ulikuwa mwepesi kwa namna iliyonitia huzuni. Tukauingiza majini nyuma ya jiko, mahali pasipo na mkondo, tukaujaza matope kwa mikono. Ulikataa. Ulielea ukiwa na matope nusu, ukayumba kama mtoto asiyetaka kulala. Kisha ukanywa. Matundu yote yalianza kutoa mapovu pamoja, na baada ya mapovu ukatoka unga. Sijawahi kuuona unga mwingi namna ile. Ulifunika maji kama uji uliomwagika, na ndani ya unga mabuu, meupe, mengi hayajafika yalikokuwa yanakwenda, mengine yameshaota miguu na bado hayajui kuitumia. Visamaki vidogo vikaja kutoka kusikojulikana. Maji yakachemka kwa midomo yao.

Nilimweleza mama. "Walaji nao wameliwa," akasema, akafumba macho, na nadhani aliridhika.

Tukangoja mti uvimbe. Hapo ndipo nilipojua kufungwa ni nini. Kabla yake nilikuwa nikingoja boti, na anayengoja boti ana upeo wa kutazama. Sasa nilingoja mti unywe, jambo lisiloonekana, huku mguu nao ukivimba, jambo linaloonekana vizuri. Uvimbe mmoja ulikuwa wa kututoa, mwingine wa kutumaliza, na kila mmoja ulikwenda kwa mwendo ule ule wa taratibu. Nilizunguka kiinuko. Nilirudi. Nilizunguka. Ndama walikuwa wamemaliza majani ya mpapai na sasa walitafuna makuti ya banda la kuku. Mmoja wao, mwenye baka jeupe machoni, alikuwa kila mara akiingia upenuni, na kila mara mama, hata homa ikiwa imempanda, alipata nguvu ya kumfukuza.

"Toka hapo! Toka! Hapo ni pa baba!"

"Hata baba hayupo sasa, dada. Yuko majini," mjomba akasema.

"Pake papo."

Wekundu ulipogusa goti, mjomba hakungoja zaidi. Tuliuopoa mtumbwi. Ulikuwa umerudiwa na uzito, wa baridi hadi ndani. Mjomba akachukua tezo ya babu, lile shoka dogo la kuchongea, akasimama juu yake, akaangalia upenuni. Mama alikuwa ameketi, anatazama. Akatikisa kichwa kukubali. Tezo ikashuka.

Mbavu ziliondoka kwa vipande vikubwa, bila ubishi. Ndani yake mlikuwa njia juu ya njia, zote za upana mmoja, zimejazwa na kushindiliwa, hakuna hata moja iliyokutana na nyingine, ingawa nyingine zilitenganishwa na ukuta mwembamba kama karatasi. Niliviokota vipande nikavianika kwenye paa la jiko, kwa ajili ya kuni.

Kilichobaki kilikuwa kitako, kirefu, chenye kina cha kiganja tu, na pembeni kilibaki na mstari wa matundu ambao mjomba hakuweza kuukata bila kukimaliza chombo. Lami hatukuwa nayo. Mafuta ya kupikia yalikuwa kidogo, na mafuta ya majimaji hayazibi kitu. Mjomba akajaribu udongo, ukatoka. Mzee alikuwa amechuchumaa pembeni akitazama. Akainuka, akaenda kwa kondoo wake, akamshika sikio, akasimama naye kwa muda akimsemesha kwa Kiorma. Kisha akauliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kibla ni upande gani hapa? Maji imenichanganya."

Mjomba akamwonyesha.

"Mzee," nikasema, "huyo ndiye kondoo wako pekee."

"Ya mjukuu wangu. Nitamwambia imeingia kwa mtumbwi." Akacheka kidogo. "Hatasadiki."

Tuliyeyusha mafuta ya mkia, tukachanganya na majivu ya jiko mpaka yakawa mazito kama ugali. Tulihitaji kitu cha kushika mafuta ndani ya matundu yasichuruzike. Mama akavuta mto wake wa kulalia, akaupasua mshono kwa meno, akatoa sufi konzi kwa konzi. Tukasokota sufi, tukaichovya, tukaipenyeza tundu kwa tundu kwa ncha ya mwiba. Sote wanne, hata mama, aliyekaa na mguu wake juu ya gogo na kututukana kila tulipoliruka tundu.

"Na hilo? Mtu mzima na macho yako! Hilo litanizamisha mimi, si wewe."

Tukaushusha majini. Ukakaa chini, karibu sawa na uso wa maji. Mjomba akapanda kwanza na upondo wake, ukazama kidogo, ukashika. Tukamlaza mama kitakoni juu ya ule mkeka uliokuwa ukiufunika mtumbwi. Ilibaki nafasi ya vidole vitatu kati ya ukingo na maji. Hakuna aliyesema kwamba mimi sitapanda. Ilionekana.

Mama alinishika kifundo cha mkono. Kiganja chake kilichoma.

"Ufagie," akasema.

"Nifagie nini, mama?"

"Nyumba. Nikirudi nisikute uchafu."

Mjomba akasukuma. Walikwenda polepole sana, mmoja wima na mwingine haonekani, kana kwamba mjomba alikuwa amesimama juu ya maji peke yake. Nilitazama mpaka akawa mstari, na mstari ukaingia kwenye ukungu wa joto. Nilipogeuka, kiinuko kilikuwa kidogo kuliko kilivyowahi kuwa.

Jioni mzee na mimi tulichoma nyama ya kondoo kwa vipande vya mtumbwi vilivyoshinda juani juu ya paa. Viliwaka haraka, kwa moto mweupe usio na moshi. Kutoka kwenye kipande kilichokuwa bado hakijashika moto, joto lilimtoa dumuzi mmoja, mzima, labda wa mwisho. Alisimama ukingoni mwa tundu lake, akapapasa hewa. Nikamwekea kidole, akapanda. Alitembea hadi kwenye ukucha, akauuma kuonja, akauacha, akafungua mabawa na kuelekea nyumbani kwetu, kwenye boriti za mlango.

"Hiyo inakula nini?" mzee akauliza.

"Mti."

"Na mti yote imeingia maji," akasema, na tukaendelea kula.

Kesho yake kutwa nzima hakuja mtu. Nilifagia. Nilifagia upenu, nikafagia ndani, nikafagia jiko, nikafagia uwanja hadi kwenye maji, kisha nikaanza tena upenuni. Mzee aliswali, akawaangalia ndama, akaniangalia mimi. Sikuwa na namna ya kujua. Upande ule walioelekea, kila gogo lililopita lilikuwa mtumbwi uliopinduka mpaka lilipokaribia.

Mjomba alirudi kesho kutwa yake, jua la asubuhi mgongoni, peke yake, maji ya kifundoni ndani ya mtumbwi na kopo mkononi. Nilimkimbilia hadi majini.

"Wamempasua uvimbe," alisema kabla hajafika. "Usaha umetoka kopo zima. Homa imeshuka. Analalamika chai ya hospitali haina sukari, na ameshagombana na mgonjwa wa kitanda cha pili."

Nilikaa chini ndani ya maji kama nilivyokuwa.

Mtumbwi haungeweza safari nyingine. Mafuta yalikuwa yamelainika njiani, na mjomba alirudi kwa kukumba maji zaidi ya kupiga upondo. Ilibidi tungoje mpaka maji yashuke yenyewe, sisi watatu na ndama. Nilimuuliza kama tuubebe tuurudishe upenuni, juu ya magogo.

"Ametuma neno juu ya hilo," mjomba akasema. Alikuwa akikamua shati, hakunitazama. "Amesema tumzamishe."

Tuliuzamisha pale pale nyuma ya jiko. Safari hii haukukataa. Tuliujaza matope, ukatoa mapovu machache, ukashuka, na maji ya rangi ya chai yakajifunga juu yake. Mjomba akapachika kijiti kuonyesha mahali. Kijiti hicho, nilipokitazama jioni, kilikuwa na alama ya unyevu juu ya usawa wa maji, ya upana wa ukucha.

Asubuhi nilichukua ufagio kwa mazoea, nikaenda upenuni. Hapakuwa na unga. Kati ya yale magogo mawili alikuwa amelala ndama mwenye baka jeupe, mahali pakavu kuliko pote kwenye kiinuko kile. Aliniona na ufagio, akanyoosha masikio tayari kufukuzwa. Nilifagia kumzunguka.